Umri Kuanzia, Umri Hadi

"Mwizi! Jamani, mwizi! Anaondoka na pikipiki yangu!"

Maisha yake yote Uyên hakuwahi kupiga kelele hadharani. Hata shuleni mwalimu alimwomba arudie jibu mara tatu ndipo asikike. Lakini adhuhuri ile, nje ya soko la Bà Chiểu jijini Saigon, jua likichemsha lami na harufu kali ya matunda ya duriani ikiwa imetanda, alimwona kijana wa shati jeupe amekaa juu ya pikipiki yake ya bluu, injini inanguruma, na sauti ikamtoka yenyewe.

Wauza mboga wakageuka. Mlinzi wa maegesho akaacha kutafuna barafu. Yule kijana akazima injini, akainua mikono juu.

"Dada, naapa, ufunguo wangu umewasha."

"Umewasha pikipiki yangu!"

"Umewasha pikipiki. Sikujua ni ya nani."

"Yako iko wapi?"

Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto. Hatua nne mbele ilisimama pikipiki nyingine ya bluu, kuukuu vilevile, kiti kimechanika palepale. Mlinzi akaangua kicheko.

"Funguo za mikweche hii zikishalika zinafungua hata mlango wa jirani. Mwizi gani huyu, anaiba mbovu anaacha mbovu?"

"Yangu angalau ina kioo cha pembeni," Uyên alisema, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Ndiyo maana niliipenda," kijana akajibu.

Akamnunulia glasi ya maji ya muwa, akaiita faini. Uyên alivaa gauni la pamba la manjano lenye mikono mirefu ya kukinga jua, na barakoa ilining'inia kwenye sikio moja. Kijana aliitwa Khiêm, fundi wa lifti, mwenye mikono mikubwa na makovu madogo ya nyaya. Alikuwa na maneno mengi. Uyên alikuwa na machache, lakini kila moja lilimchekesha Khiêm.

Mjini kwetu neno la kumwita kaka ndilo la kumwita mpenzi, linabadilika sauti tu. Juma la kwanza Uyên alimwita "kaka" kama unavyomwita mtu dukani. Juma la tatu mwenzake wa chumba alimsikia akilitamka kwenye simu, akarusha mto ukutani kwa wivu.

"Uko wapi, kaka?"

"Ghorofa ya kumi na nane, ndani ya shimo la lifti."

"Usinipigie ukiwa shimoni! Ukianguka je?"

"Nikianguka utalia, mdogo wangu?"

"Nitabaki na pikipiki mbili."

Khiêm alicheka mpaka fundi mwenzake akachungulia kuona kama ni mzima.

Mwezi wa nne akampeleka kwa mama yake. Bi Sáu alikuwa mshonaji, mwanamke mfupi wa pajama za maua ya zambarau, nywele zimefungwa kwa kibanio cha plastiki. Alimpakulia Uyên supu chachu ya samaki, akamchagulia kipande cha tumbo, akamwita mwanangu. Kisha akauliza swali ambalo kila mama wa hapa huuliza, kwa kuwa kwetu kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu.

"Umezaliwa mwaka wa mnyama gani?"

"Wa Chui Milia, mama."

Kijiko kikasimama hewani.

"Huyu wangu ni wa Nyani. Chui na Nyani hawakai nyumba moja, mwanangu. Mmoja atamzika mwenzake mapema. Sisemi kwa ubaya, wewe binti mzuri. Lakini hapana."

Uyên alimtazama Khiêm. Khiêm aliinamia bakuli, akawa anachambua miiba ya samaki, mmoja mmoja, akiipanga ukingoni mwa sahani. Uyên alishukuru kwa chakula, akavaa viatu mlangoni, akaondoka.

Alichokuwa nacho Khiêm moyoni hakukijua mtu. Juzi yake alikuwa amekuta viatu vya mama ndani ya jokofu. Usiku mama alikuwa anamuuliza baba yuko wapi, na baba amekufa miaka tisa. Akibishiwa alitetemeka mpaka akapotewa na maneno. Basi Khiêm alinyamaza, akijiambia atamweleza Uyên baadaye. Lakini jioni ile namba yake ilikuwa imefungiwa kwenye simu ya Uyên. Alikwenda kwake mara mbili, mara zote mwenzake wa chumba alimwambia, "Amesema hayupo." Khiêm akaamini amechokwa. Uyên akaamini ameuzwa kwa bakuli la supu. Ikapita miezi saba.

Jumatatu moja ya masika Bi Sáu alitoka kununua uzi, hakurudi.

Khiêm alizunguka mitaa yote, vituo vya polisi, pagoda, masoko. Mama alikuwa akichomwa sindano ya sukari kila asubuhi, na dawa ilibaki mezani. Siku ya pili jirani alimpa anwani ya ukurasa mmoja wa mtandao, unaokusanya orodha za wagonjwa wasio na ndugu kutoka hospitali na nyumba za hifadhi za Saigon na mikoa ya jirani. Ulikuwa na visanduku vichache vya kujaza: mwanamke au mwanamume, umri kuanzia, umri hadi, urefu kuanzia, urefu hadi. Kila saa aliandika sitini na tatu, akaandika sitini na saba, akabonyeza. Kila saa ukurasa ulimjibu: Hakuna aliyepatikana.

Ijumaa akaenda kwenye ofisi yenyewe.

Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, meza tatu, feni mbili. Mvua ya mchana ilipiga mabati. Khiêm aliingia amevaa koti la mvua linalochuruzika, ndevu za siku tano, mguu mmoja kandambili nyekundu, mwingine nyeusi. Dada wa sweta ya kijivu akainua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Uyên?"

"Bwana Khiêm." Alilitamka hilo bwana kama mtu anayefunga mlango. "Kama umekuja kwa yale mambo, hapa ni kazini."

"Mama amepotea."

Uyên akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota.

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Leo siku ya tano bila sindano. Natafuta kwenye ukurasa wenu, kila saa natafuta, hauna kitu. Huo ukurasa ni mbovu? Nani ameutengeneza?"

"Mimi."

Khiêm akaitazama kompyuta, akamtazama yeye.

"Si mbovu," Uyên akasema, na sauti yake haikuwa na uhakika. "Ukurasa unachuja orodha kwa namba ulizoandika. Unaleta ulichoomba, basi. Mtu akiwa nje ya namba zako hata kwa mwaka mmoja, haumwoni. Uliandika ngapi?"

"Sitini na tatu hadi sitini na saba. Kitambulisho kinasema sitini na tano. Mmeandika wenyewe pale juu, ongeza miaka miwili kila upande."

Ni Uyên aliyeyaandika maneno yale. Akaketi, akaandika namba zilezile. Hakuna aliyepatikana.

"Kuna kisanduku kingine hapa chini," alisema polepole. "Cha waliofariki. Niliacha hakijawekwa alama, ili mtu asikutane nao bila kutaka."

"Weka."

"Kaa kwanza."

"Uyên, weka!"

Akaweka alama. Khiêm alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuna aliyepatikana. Kwa mara ya kwanza katika siku tano maneno yale yalimruhusu kupumua.

Uyên akaufuta umri wote, akaacha urefu tu, kuanzia sentimita mia na arobaini na tano hadi mia na hamsini na tano. Wakatokea wanawake hamsini na wanane. Picha hazikuwepo, kwa kulinda siri za wagonjwa. Palikuwa na umri, urefu, mahali na namba ya simu.

"Tutapiga zote," Khiêm akasema.

"Saa tisa hii. Hospitali nyingi zinafunga mapokezi saa kumi na moja."

"Basi tuanze! Unangoja nini?"

Wakaanza, Khiêm kutoka juu ya orodha, Uyên kutoka chini, wakiulizia kovu la pasi mkononi. Simu hazikupokelewa. Zilipopokelewa, mtu aliwaambia wasubiri, kisha laini ikakatika. "Hana kovu, ndugu." "Huyo tumeshamhamisha." "Huyu ana miaka arobaini, mnatafuta nini?" Khiêm alianza kupiga namba vibaya, vidole vinateleza. Kwenye simu ya tisa akaiweka simu mezani, akajifunika uso kwa koti lake lenye maji.

"Nilimwambia asitoke," alisema ndani ya koti. "Nilimwambia, akasema uzi umekwisha, nikasema haya. Nikasema haya, Uyên."

Uyên alitaka kumshika bega. Mkono ulifika katikati ukarudi. Akaitazama skrini, kwa sababu kutazama skrini ndicho kitu alichokijua, na hapo ndipo wazo likamjia.

"Mama yako ni wa mwaka gani?"

"Nimeshakwambia. Elfu moja mia tisa na sitini."

"Siulizi kitambulisho. Wa mnyama gani?"

"Jogoo. Kila siku anasema, mimi wa Jogoo, siwezi kunyamaza." Akaufunua uso. "Kwa nini?"

"Sitini ni Panya."

"Haiwezekani."

"Sitini ni Panya, Khiêm. Jogoo ni hamsini na saba. Mtu huyu aliyenihesabia mimi Chui mpaka nikatoka mezani, unadhani anaweza kukosea mnyama wake mwenyewe?"

Khiêm aliduwaa. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amevisikia vyote viwili, mwaka wa kitambulisho na Jogoo wa mama, na hakuwahi kuviweka pamoja. Akampigia mama yake mdogo kijijini, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama mdogo, mama amezaliwa lini hasa?"

"Amepatikana?"

"Bado! Amezaliwa lini?"

"We mtoto, humjui mama yako? Wakati wa vita karatasi zetu ziliungua. Alikuwa mkubwa, shule haimchukui, tukampunguzia miaka mitatu kwa karani. Alikaa darasani na vitoto, magoti hayaingii chini ya dawati!"

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza?"

Khiêm akakata simu. "Sitini na nane," alimwambia Uyên. "Andika sitini na nane."

"Akiulizwa yeye mwenyewe atasema ngapi?"

Wakatazamana. Wazee wetu hawaachi kuuhesabu mwaka wa tumboni.

"Sitini na tisa," wakasema kwa pamoja.

Uyên aliandika sitini na tisa kwenye kisanduku cha kwanza, sitini na tisa kwenye cha pili. Wakatokea wawili. Mmoja alikuwa Biên Hòa tangu mwaka jana. Wa pili alikuwa hospitali ya wilaya, mkoa wa Long An: mwanamke, sitini na tisa kwa maneno yake mwenyewe, sentimita mia na arobaini na nane, ameokotwa kituo cha mabasi. Ameandikishwa Jumanne.

Tangu Jumanne alikuwa humo. Mara zote zile Khiêm aliandika sitini na saba, na kwa mkono wake mwenyewe akamkata mama nje.

Nesi alipokea baada ya milio mingi.

"Ana kovu la pasi mkono wa kushoto, juu ya kifundo?" Uyên akauliza.

"Subiri."

Walisikia viatu vikienda, mlango, mtu akikohoa. Walisikia viatu vikirudi.

"Lipo. Nyie ndugu zake? Njooni leo. Sukari imempanda vibaya, na hakubali kulishwa na mtu. Msingoje kesho."

Walikwenda kwa pikipiki ya Uyên, Khiêm akiendesha, koti moja la mvua limewafunika wawili, malori yakiwarushia matope. Walipofika kwenye daraja la pili Uyên akamwambia mgongoni, kwa sauti ya juu kushinda mvua:

"Kwa nini ulinyamaza siku ile?"

"Alikuwa ameanza kupotea! Nilikuta viatu kwenye jokofu! Niliogopa nikimbishia atazidi!"

"Na mimi je? Mimi sikuwa nimekaa palepale?"

Mgongo wa Khiêm ulitikisika, na Uyên akajua analia. Akamshika kiunoni, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo, na kwa sababu nyingine.

Bi Sáu alilala kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo kama nguo iliyofuliwa sana. Kibao cha kitandani kiliandikwa: Bila jina, 69. Dripu ilikuwa mkononi. Khiêm alipiga magoti.

"Mama. Mimi Khiêm."

Mama akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa jirani. "Mwanangu yuko kazini," alisema. "Anatengeneza lifti."

Khiêm akachukua kijiko cha uji. Mama akageuzia uso ukutani. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaweka kijiko chini. Nesi akasema pembeni kwamba asipokula, dripu peke yake haitamfikisha mbali.

Uyên akakaa ukingoni mwa kitanda, akaupuliza uji. Hakubembeleza. Aliinua kijiko akangoja, kimya, jinsi alivyojua kungoja. Bi Sáu akageuka, akafungua mdomo.

Alikula vijiko vitano kabla ya kuuliza.

"Mwaka wa mnyama gani, mwanangu?"

Angeweza kusema Paka. Angeweza kusema Farasi, na uji ungeisha salama. Khiêm alimtikisia kichwa, akimwomba kwa macho aseme chochote kingine.

"Chui Milia, mama," Uyên akasema.

Bi Sáu alitafuna uji usiotafunwa. "Chui," alisema. "Wanaume wanawaogopa."

"Mimi siogopi," Khiêm akasema. "Mama, huyu ndiye nitakayemwoa. Akinikubali."

Mama hakugeuka. Uyên aliinamia bakuli, machozi yakidondokea kwenye uji, akakoroga.

"Hasikii vizuri upande huo, kaka," alisema, kwa sauti ile ya simu za zamani. "Pandisha sauti."

Khiêm akasimama katikati ya wodi, na nguo zake zinazochuruzika na kandambili za rangi mbili, akarudia kwa nguvu mpaka wagonjwa wa kitanda cha mlangoni wakainua vichwa. Uyên akapuliza kijiko cha sita.