Programu ya Tata Iligoma Kwenye Windows Mpya

Paa!

Kofi la dada yangu Avelina lilitua shavuni kwangu, msiba mzima ukiangalia.

"Umemuua Tata mara ya pili, Yustus!"

Tata ndiye baba, kwetu. Jeneza lake lilikuwa hatua nne tu kutoka niliposimama...

Jamani, lile kofi nilistahili.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Nkwenda. Baba, Mwalimu Kahigi, alifundisha kwaya ya kigango huko Songambele miaka thelathini. Nyimbo zake alizitunga kwenye kompyuta moja kuukuu, kwa programu ya nota ya enzi hizo. Kila siku alinionya:

"Usiiguse mashine yangu."

Nikajifanya mjanja! Mwezi uliopita alipolazwa, nikaichukua nikaipiga Windows mpya. Eti sapraizi. Mafaili nikayatunza yote, na folda la programu pia.

Alirudi amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Hata chai hakunywa. Akakaa mbele ya kompyuta, akabofya.

Kimya.

"Yustus, imekuwaje?"

"Programu yako imezeeka, Tata. Haielewani na Windows mpya. Nitaishughulikia kesho."

"Kuna wimbo sijaumaliza, mwanangu."

"Kesho, Tata."

Wadau, hiyo kesho niliirudia wiki tatu! Mara wateja, mara mpira. Nikipita nyumbani ni yale yale:

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Imefunguka?"

Alhamisi akafariki.

Siku ya maziko kwaya ikaomba kumsindikiza kwa wimbo wake wa mwisho. Nakala hakuna. Wakaiendea kompyuta, programu haikufunguka, na Avelina akajua nilichofanya. Ndipo likaja lile kofi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Maziko saa tisa.

Nikakaa kwenye kiti cha baba. Nikaiwekea programu mpangilio wa Windows ya zamani... ikagoma. Nikaifungua kwa ruhusa ya msimamizi... ikagoma. Nikazima antivairasi... ikagoma! Jasho na machozi vinashuka pamoja.

Benitha, mama mmoja wa kwaya, akaniinamia.

"Mwanangu, kwani kule kwako hakuna kompyuta ya zamani?"

Nikaruka kitini.

Ilikuwepo! Laptopu mbovu mbovu aliyoitelekeza mteja, ina Windows ile ile ya zamani. Kibandani kwangu ninaiwekea chupa ya chai juu yake.

Nikanakili programu na mafaili ya nyimbo kwenye flashi, nikadandia bodaboda mpaka Nkwenda. Nikaondoa chupa, nikafuta vumbi, nikachomeka chaja na flashi. Nikabofya.

Ikafunguka.

Dakika ishirini, wadau! Baba yangu alisubiri wiki tatu kwa kazi ya dakika ishirini.

Nikafungua ule wimbo. Baba alikuwa na kawaida ya kuandika jina la anayeongoza kila sauti pembeni ya mstari wake.

Soprano: Avelina. Nota zimejaa.

Alto: Benitha. Zimejaa.

Besi: Lameck. Zimejaa.

Tenor: Yustus.

Jina langu! Mimi niliyegombana naye nikaacha kwaya miaka sita iliyopita, na jambo hilo hatukuwahi kuliongelea.

Mstari wangu ulikuwa mtupu. Hakuna nota hata moja. Faili lilihifadhiwa mara ya mwisho siku moja kabla hajalazwa.

Kumbe "imefunguka?" ya kila siku ilikuwa hiyo. Alikuwa anataka kumalizia sauti yangu.

Nililia pale kibandani mpaka dereva wa boda akaingia kuniangalia.

Nikachapa nakala, nikarudi. Saa tisa kwaya ikajipanga kaburini. Avelina akanivuta mkono bila kuniangalia usoni.

"Simama kwenye tenor. Ndiyo nafasi yako."

Nikasimama. Sauti tatu zikaimba, nzuri mno. Mimi nimeshika karatasi, mdomo umefungwa.

Unayesoma hapa, kama mzazi wako amekuomba kitu kidogo, weka simu chini ukakifanye sasa hivi. Na mashine ya mtu usiiguse kabla hujamuuliza ndani yake anafanya nini.

Kwaya wananiambia ule mstari niujaze mwenyewe. Kuimba naweza. Kutunga alikuwa anaweza Tata.