Pikapu Iliyoyumba Nyuma

Kila Jumamosi asubuhi Devota humsaidia kaka yake, Nehemia, kupakia ndizi na iliki kwenye pikapu ya baba yao. Kisha huteremka pamoja kutoka milima ya Amani hadi sokoni Muheza. Jumamosi hii Nehemia hakuwepo. Alikuwa bondeni akilima peke yake, na usukani alikuwa ameushika baba yao, Mzee Ernesti.

Yote yalianza wiki iliyopita. Nehemia alikuwa akiteremka taratibu, Devota yuko pembeni yake, mara pikapu ikatupa mkia kwenye kona na kuingia mtaroni. Hawakuumia, ila ndizi zilimwagika zote. Kabla hawajafika nyumbani, maneno yalikwisha kumfikia baba yao kwamba Nehemia alikuwa akikimbiza gari.

"Unataka kuniulia mtoto!" Mzee Ernesti alifoka, akampokonya funguo.

"Baba, hakukimbia," Devota alisema. "Gari lenyewe lili..."

"Nyamaza! Usimtetee kaka yako."

Tangu siku hiyo Nehemia alikuwa mtu wa kimya. Vijana wenzake walimcheka mpaka akaacha mazoezi ya kwaya. Chakula alikigusagusa tu, na Devota alipomwangalia, moyo ulimuuma.

Sasa walikuwa wakiikaribia kona ileile. Mzee Ernesti alikanyaga mafuta kidogo, pikapu ikayumba nyuma. Aliposhtuka na kuachia, mkia ukavutwa upande wa pili, kuelekea bondeni. Aliung'ang'ania usukani hadi gari likasimama. Jasho lilimtiririka.

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndivyo, baba."

Walishuka mwendo wa kutambaa mpaka kwa fundi Uweso, Muheza.

"Shikamoo," Devota alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, nadhani ni matairi," Mzee Ernesti alisema. "Nibadilishie tu."

"Tusikisie, mzee. Kwanza niambieni, gari linafanyaje?"

Mzee Ernesti akamgeukia binti yake. "Mweleze wewe."

Devota alionyesha nyuma ya gari. "Ukikanyaga mafuta, nyuma kunakwenda kushoto. Ukiachia, kunarudi kulia. Hata ukienda polepole."

"Umenisaidia sana," fundi alisema. Alipima upepo wa matairi, akayatikisa magurudumu, akalibonyeza gari nyuma kuona kama linadundadunda. Huko kote hakuona kasoro. Mwishowe akaingia uvunguni, akapenyeza mtaimbo karibu na springi na kusukuma. Ekseli ya nyuma, chuma kinachobeba magurudumu, ikasogea.

"Njooni muone. Boliti hizi ndizo zinazoifunga ekseli kwenye springi, na zimelegea. Kila mkikanyaga mafuta, ekseli inahama." Kisha akaona kipande kipya cha chuma kilichoongezwa kwenye springi. "Nani ameongeza springi hii?"

Mzee Ernesti alitazama chini. "Mimi mwenyewe. Nilitaka gari libebe mzigo zaidi."

"Ulizikaza tena nati baada ya gari kutembea kidogo? Springi mpya ikishakaa, nati hulegea."

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

Fundi Uweso alikitoa kile chuma, akafunga boliti mpya na kuzikaza. Wakati wa kurudi, pikapu ilipanda kona zote bila kuyumba. Hata hivyo Mzee Ernesti hakufurahi. Walipofika, hakuingia ndani, bali aliteremka moja kwa moja bondeni, Devota nyuma yake.

"Nehemia, nisamehe," alisema. "Gari lilikuwa bovu, na ubovu huo niliuleta mimi kwa mikono yangu."

Nehemia aliegemea jembe. Machozi yalimlengalenga. "Baba, watu wote wanajua mimi ndiye mzembe."

"Kesho watajua vingine."

Siku ya pili, baada ya ibada, Mzee Ernesti aliomba nafasi ya kusema. Alisimama mbele ya watu, akaeleza kila kitu.

"Fundi aliuliza, akakagua, ndipo akasema kosa liko wapi," alimalizia. "Mimi nilimhukumu mwanangu bila kumuuliza, na binti yangu aliposema kweli nikamnyamazisha. Watoto, semeni kweli hata mkubwa akikasirika. Nasi wakubwa tusikilize kabla ya kulaumu."

Kwenye benchi la nyuma, Nehemia aliinua kichwa. Devota alimsogelea, akamshika mkono.