Mapacha wa Rwegasira

Pale Nyegezi, Mwanza, karibu na ziwa, watu waliwaita Kashaija na Prudencia "mapacha wa Rwegasira." Walisoma darasa moja. Walitoka pamoja asubuhi, wakarudi pamoja mchana, na kugombana wakagombana pamoja. Jumamosi walishuka ziwani kufua sare zao na kuzianika juu ya mawe. Kashaija alisuuza ovyo ovyo. Prudencia alimkaripia, kisha akazichukua akazisuuza upya mwenyewe.

"Wewe utahitaji mke mwenye subira," alimwambia.

"Na wewe utafute mume kiziwi," alijibu Kashaija.

Lakini hawakuwa mapacha. Kashaija na mdogo wake Getruda walizaliwa na Rwegasira na mkewe, Celestina. Prudencia alikuwa mtoto wa Kaijage, mdogo wake Rwegasira. Kaijage alifariki kwao Kamachumu, mkoani Kagera. Mke wake naye akamfuata kabla mwaka haujaisha. Ulikuwa wakati mbaya kule, ugonjwa ukipita nyumba kwa nyumba. Mashamba mengi ya migomba yalikuwa na makaburi mapya.

Siku ya kuanua matanga ya mama huyo, ukoo ulikaa kikao. Wazee wakamwita Rwegasira, wakamkabidhi mtoto. "Mtoto wa ndugu yako ni wako," walimwambia. "Mchukue, na asijue tofauti."

Rwegasira alilishika neno hilo. Katika nyumba yake neno yatima lilipigwa marufuku. Hakuna aliyesema "mtoto wa marehemu." Kusema hivyo kwao kulikuwa sawa na kumwambia mtoto atoke nje. Prudencia alikuja Mwanza kabla hajaanza shule. Wote walidhani ameshasahau.

Rwegasira alikuwa fundi umeme wa kiwandani. Miaka ile viwanda vya umma vilianza kuuzwa, na watu wengi wakapunguzwa kazi. Yeye akawa mmoja wao. Hakukaa kulia. Aliomba kazi Botswana, akapata kazi ya kutengeneza mashine za hospitali. Aliishi huko kwa kibali cha kazi. Kila mkataba ulipokaribia kwisha, usingizi nao ulimwisha. Mkataba ukikatika, kibali kimekatika, na mtu anafunga virago. Mkewe na watoto walibaki Mwanza. Getruda alimjua baba yake kwa picha zaidi kuliko kwa sura.

Mwaka 1998 alirudi likizo na habari njema.

"Mama Kashaija," alisema, "sasa nimefikisha muda wa kuomba ukaazi wa kudumu. Nikipewa, sitaishi tena kwa kuhesabu siku za mkataba. Na nyinyi nyote mtakuja. Tutakula sahani moja."

Celestina aliweka chini nguo aliyokuwa akishona. "Wote?" aliuliza.

"Wote. Nimeshawaandika watoto wote watatu."

Watoto walipelekwa mjini kupiga picha za pasipoti. Prudencia alifunga vifungo vyote vya blauzi mpaka shingoni. Njiani alimvuta Rwegasira mkono.

"Baba, na mimi nimeandikwa?"

"Umeandikwa. Kwani wewe mtoto wa nani?"

Prudencia aliinamisha kichwa, akaendelea kutembea. Rwegasira hakulitilia maanani jambo hilo.

Tatizo lilikuja kwenye vyeti. Maombi yalitaka cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Prudencia hakuwa nacho. Alikuwa na cheti cha ubatizo tu, na ndani yake baba ni Kaijage.

Kuna bwana mmoja anaitwa Maige. Ofisi hana, lakini kila ofisi anaijua. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti kama mwenye nyumba.

"Fundi, hilo unalia nalo?" alisema. "Mimi nakuletea cheti keshokutwa. Baba Rwegasira, mama Celestina. Muhuri upo, sahihi ipo. Nani Botswana atajua?"

Rwegasira alikuna kichwa. Moyo ulimkataza, lakini atafanya nini? Amwache mtoto? Akamwambia Maige arudi kesho yake.

Na wewe msomaji usimcheke. Aliyefanya kosa kwa kumpenda mtoto bado amefanya kosa, lakini si mtu mbaya.

Jioni ile jirani yao Evelina alipita kuchukua gauni alilokuwa ameshonewa na Celestina. Evelina ni Msukuma, afisa wa ustawi wa jamii. Tena ni mtani wao mkubwa. Aliona makaratasi mezani, akaombwa ayatazame kama yamejazwa sawasawa. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Mwanawane! Celestina, huyu Kashaija umemzaa Machi. Huyu Prudencia umemzaa Agosti ya mwaka uleule. Ulipumzika saa ngapi, dada yangu?"

Celestina aliziba mdomo kwa kanga.

"Nyinyi Wahaya," Evelina aliendelea, "mmesoma mpaka mmepitiliza. Kuhesabu miezi tisa ndiko kumewashinda?"

Walicheka kidogo. Kisha Rwegasira akamweleza yote, pamoja na habari za Maige. Kicheko kikaisha.

"Baba Kashaija, usikubali," alisema Evelina. "Njia ya mwongo ni fupi. Leo utaghushi cheti. Kesho watataka cha ubatizo, utakighushi nacho. Halafu ripoti za shule. Uongo mmoja haukai peke yake, unataka wenzake."

"Kwani lazima wagundue?"

"Mimi nimegundua kabla sijakaa vizuri! Na wakigundua wao, hawamkatai Prudencia peke yake. Wanakukataa wewe, mkeo na watoto wote. Hata kibali ulicho nacho wanaweza kukifuta. Na hapa kwetu kughushi cheti ni jinai. Unaweza kufungwa."

Rwegasira alipiga meza kwa kiganja. "Sasa unataka niandike kwa mkono wangu kwamba si mwanangu? Evelina, nilimwambia marehemu akiwa hoi kitandani, mtoto wako ni wangu. Nimkane leo kwa sababu ya karatasi?"

"Hakuna anayetaka umkane. Wale wanauliza nani amemzaa. Wewe unawajibu nani anampenda."

Rwegasira aliondoa kiganja mezani. Celestina ndiye aliyeuliza. "Tukiandika kweli, si watamwacha?"

"Wanaweza kumwacha mkienda mikono mitupu. Nyinyi mlipewa mtoto na ukoo. Kwetu sote hiyo inatosha. Lakini ofisa wa nchi nyingine hajui kikao chenu cha matanga. Anataka karatasi ya mahakama."

Akawaeleza taratibu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuasili. Hapo kwa sheria mtoto anakuwa wenu kabisa, kama mliyemzaa. Ya pili ni ulezi halali. Mahakama inawapa mamlaka ya kumlea na kumwamulia mambo yake, lakini anabaki binti wa baba yake aliyemzaa.

"Kila nchi ina masharti yake," alisema Evelina. "Kwanza uliza huko Botswana wanakubali ipi. Usibahatishe. Halafu mtafute cheti halisi cha kuzaliwa, chenye jina la Kaijage. Mtafute na vyeti vya vifo vya wazazi wake. Na mama yenu mzazi aje. Mahakama itataka kusikia ridhaa ya ukoo."

"Wewe utatuandikia ripoti?" aliuliza Celestina.

"Mimi ni rafiki yenu. Ataandika mwenzangu ambaye hali wali wenu."

Kesho yake Maige alirudi. Rwegasira alimkuta mlangoni, akamshukuru, akamwambia hamhitaji tena. Maige alisonya akaenda zake.

Rwegasira alikwenda kupiga simu ofisi ya uhamiaji ya Botswana, kule Gaborone. Akajibiwa kwamba ulezi wa mahakama unapokelewa, mradi kila kitu kiwe cha kweli na kiandikwe wazi. Kazi ikabaki moja, nayo ndiyo iliyomtisha. Kumwambia mama yake.

Bibi Kokutona alikuja kwa basi. Tangu ile ajali ya meli iliyozama ziwani miaka miwili nyuma, hakutaka kusikia tena habari za meli. Alishuka miguu imevimba, mkungu wa ndizi mkononi. Aliposikia neno mahakama, alikataa hata kunywa maji.

"Mawe, mama yangu! Kaijage alibakiza kitu kimoja tu duniani, mtoto huyu. Mnataka hakimu amfute mwanangu? Aonekane kama hakuzaliwa?"

"Hapana, mama," alisema Rwegasira. "Hatuasili. Tunaomba ulezi. Jina la Kaijage litabaki kwenye kila karatasi. Mimi ndiye niliyetaka kulifuta, kwa ujinga wangu."

Bibi akavuta kikombe cha maji, akanywa. "Basi mwambieni mtoto," alisema. "Mimi siweki dole gumba kwenye jambo ambalo mwenyewe halijui."

Wakati huo Prudencia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakuna aliyemwona akija.

"Najua, Bibi," alisema. "Nilikuwepo."

Aliingia, akasogeza sinia mbele. Celestina akainuka, akalipokea.

"Baba tulimzika karibu na mibuni. Mama alinivalisha gauni jekundu, lile jingine lilikuwa limelowa. Shangazi akamgombeza, akasema jekundu halivaliwi msibani. Mama akalia. Nakumbuka."

"Mwanangu," alisema Celestina, "mbona miaka yote hukusema?"

"Hata nyinyi hamkusema. Niliogopa. Nilidhani siku mtakayotamka, ndiyo siku mtakayonirudisha."

Rwegasira alilia. Alilia mbele ya mama yake na mbele ya watoto, mtu mzima, bila kujificha. Alikuwa amefunga mdomo ili mtoto asiumie. Kumbe mtoto aliishi na hofu peke yake, na hakuna wa kumtoa humo.

"Hakuna wa kukurudisha," alisema. "Unasikia? Hakuna."

Bibi akamvuta Prudencia, akamkalisha pembeni yake, akamsimulia Kaijage alivyokuwa mtoto. Alivyokuwa mwoga wa kinyonga. Alivyoiba senene wa watu, wale panzi watamu, wakiwa bado chunguni. Kashaija na Getruda nao wakasogea kusikiliza. Katika nyumba ile jina hilo halikuwa limetajwa kwa kicheko hata mara moja.

Kesi ilisikilizwa baada ya ripoti ya ustawi wa jamii kukamilika. Mwajiri wa Rwegasira alimwongezea likizo. Bibi alitoa ridhaa yake kwa sauti iliyofika mpaka nje. Kisha hakimu, mama mmoja mpole, akamgeukia Prudencia.

"Binti, usiogope. Yule bwana ni nani wako?"

Prudencia alimtazama Rwegasira. Rwegasira akainamisha macho.

"Ni baba mkubwa," alisema Prudencia. "Baba yangu alikuwa Kaijage. Amefariki."

"Na unataka kuishi na nani?"

"Na baba mkubwa na mama mkubwa. Na Kashaija, ingawa hajui kufua."

Watu walicheka, hata hakimu. Rwegasira hakucheka. Hakuwahi kuitwa hivyo na mtoto yule, na neno lilimchoma. Amri ya ulezi ikatolewa. Walipotoka nje, jua lilikuwa kali. Prudencia akamshika mkono kama siku ile ya picha.

"Baba, twende," alisema. "Bibi ana njaa."

Rwegasira akajua kwamba hakupoteza kitu.

Alirudi Botswana na makaratasi ya kweli. Maombi yalikaa muda mrefu. Aliitwa, akaulizwa maswali mengi, na kila swali lilikuwa na jibu moja, kwa sababu hapakuwa na la kuficha. Mwaka uliofuata ukaazi ulikubaliwa kwa wote watano. Kabla ya kusafiri walikwenda Kamachumu. Walipalilia kaburi la Kaijage na la mkewe, na Bibi akawabariki pale pale, kwenye mibuni.

Siku ya kwanza shuleni Gaborone, mwalimu aliwatazama Kashaija na Prudencia waliokaa dawati moja.

"Nyinyi ni mapacha?" aliuliza.

Kashaija alifungua mdomo kusema ndiyo, kama walivyozoea. Prudencia akasimama kabla yake.

"Hapana, mwalimu," alisema kwa sauti, na darasa zima likasikia. "Baba zetu ni ndugu. Wangu amefariki. Tunaishi kwa baba yake Kashaija."

Kisha akakaa, akafungua daftari. Hakuogopa tena.