Birika Halisomi

"Unakwenda kusoma na birika la kahawa?"

Wubit alisimama mlangoni, shuka jeupe begani, birika jeusi la udongo kwapani. Kitabu hana. Hata kalamu hana.

"Worku, nimechelewa."

"Nimekuuliza swali, mke wangu."

"Nakwenda kusoma. Mtihani wiki ijayo, kwani hujui?"

"Na birika ndilo litakalokufanyia huo mtihani?"

Alimtazama mumewe kuanzia juu hadi chini, akateremka ngazi za mawe, akatokomea.

Jamani, tusimlaumu Worku kwa haraka. Mkewe anauza vitambaa soko la Dessie kutwa nzima, na huku anasomea uuguzi chuoni. Muhula uliopita alifeli. Siku hiyo Worku, mbele ya mama yake, akatamka: "Kitabu kimekushinda. Ukifeli tena, unaacha." Tangu hapo Wubit akawa msiri. Alasiri anatoweka, na akirudi nguo zinanukia ubani, tena pindo la gauni limenasa majani mabichi. Ubani na majani! Hata mtoto wa Dessie anajua maana yake: mahali fulani sakafu imetandazwa majani, chetezo kinafuka, na kahawa inamiminwa kwa heshima zote. Sasa niambieni, chuo gani kinafukiza ubani?

Worku akaenda jikoni, ambako mama yake, Askale, alikuwa anapika injera, ile mikate mipana ya chachu.

"Mama, Wubit kakuaga anakwenda wapi?"

"Kunywa kahawa kwa mwenzake. Kwani vipi?"

"Mimi kaniambia anakwenda kusoma."

Askale akaacha unga. "Safari moja, maelezo mawili?"

"Ndivyo hivyo."

"Mimi simo, mwanangu, usije ukaniponza. Ila nikuulize. Huyo anayemiminiwa kahawa na mkeo kila leo, hana mke wa kummiminia?"

Neno hilo likamwingia Worku kama msumari. Kabla hajalimeza, simu ikaita sebuleni. Wubit alikuwa ameisahau. Ikanyamaza, kisha ujumbe ukaingia:

*"Mbona huonekani? Majani yameshatandazwa, makaa yamekolea, unangojwa wewe tu na birika lako. Mama mkwe umemwambia ni kahawa, sivyo? Eshetu."*

Worku akaikwapua simu. Akapiga namba ileile.

"Haloo, Wubit! Wewe dada, utatuua kwa kungoja!" Sauti ya mwanamume, tena anacheka.

Worku akakata.

Eshetu! Si yule wa duka la dawa, anayekaa mlimani, jirani na kinu cha nafaka? Geti la nyumba yake nani kalichomea, kama si Worku mwenyewe, fundi vyuma, kwa mikono yake miwili? Kumbe alikuwa anamtengenezea mwizi wake mlango!

"Mama, waite wazee waje kesho. Ndoa hii basi."

"Na wewe unakwenda wapi na uso huo?"

"Kuchukua birika langu."

Alipanda mlima pumzi juu juu. Geti hakubisha, komeo lake alilijua kuliko mwenye nyumba. Ubani ukampokea uani. Akasikia sauti ya mkewe, nyororo, ambayo nyumbani hajaisikia siku nyingi.

"Eshetu, damu ikitoka mapafuni inaingia chumba gani cha moyo?"

"Cha kulia."

"Haya, kikombe chako kingoje. Nani mwingine?"

"Cha kushoto, juu," akajibu mwanamke.

"Lakech, pokea kahawa yako. Mumeo akipata kazi hospitali, tutazika wengi!"

Wakaangua kicheko. Worku alikuwa ameshasukuma mlango.

"Wubit!"

Wubit alikuwa amekaa kwenye kigoda, birika mkononi. Eshetu yuko pale, ndiyo, lakini mkewe Lakech yuko ubavuni pake na mtoto mgongoni, na upande wa pili wanawake wawili wa makamo wamekumbatia makaratasi. Na vitabu vya Wubit vyote, vile vilivyopotea nyumbani, vimepangwa juu ya kabati.

Lakech ndiye aliyewahi kusema.

"Kaka Worku! Mama mkwe wako anakupenda kweli, umefika kahawa inamiminwa. Kaa."

"Sikuja kunywa."

"Hakuna anayekuta kahawa akaondoka. Unataka kututia nuksi na mtihani umekaribia?"

Angefanyaje? Akakaa na hasira zake. Na kule ukishakaa umekaa: vikombe ni vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Kuondoka kabla ya hicho ni kuitukana nyumba.

Kikombe cha kwanza wakasoma moyo. Cha pili wakaingia kwenye vipimo vya dawa. Cha tatu kila mtu akaleta lile lililomshinda, wenzake wakamfafanulia. Aliyejibu alimiminiwa, aliyekosa alingoja. Na aliyekuwa anamimina, anauliza, anasahihisha, alikuwa yuleyule aliyeambiwa kitabu kimemshinda. Worku akaona haya, akainamia kikombe chake.

Walipotoka, Worku na mkewe wakateremka hadi kwenye kinu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikifungua kitabu nyumbani: Wubit, vitunguu! Wubit, mgeni! Wubit, shati langu liko wapi! Makaratasi yangu ya somo la mishipa mama yako kayafanya kifuniko cha unga wa injera."

"Ungesema unasoma."

"Nilisema! Nikisema nasoma, naitwa. Nikisema niko kwenye kahawa, nani ananiita? Umewahi kuona mtu anang'olewa kwenye kahawa kabla ya kikombe cha tatu?"

"Sijaona."

"Wenzangu wa chuo nao hivyohivyo. Tulipanga ratiba alfajiri, tukasinzia. Tukapanga jioni, tukaitwa. Tukaona saa ambayo watu wote wa mji huu wanaiheshimu ni moja tu, basi tukahamishia masomo humo."

"Ungeniambia mimi, mumeo."

"Uliponisimanga mbele ya mama yako, ulikuwa mume wangu?"

Worku akasimama.

"Wubit, nimewaita wazee. Kesho."

"Wazee wa nini?"

"Wa kuvunja ndoa."

Machozi yakamtoka Wubit palepale. "Kwa ajili ya birika?"

"Kwa ajili ya ubani. Na majani. Na simu ya Eshetu. Nilikuwa nakufa kwa wivu, mke wangu. Nisamehe."

Wubit akafuta uso kwa ncha ya shuka.

"Nitakusamehe nikimaliza mtihani. Sasa hivi sina muda."

Kesho yake wazee watatu walifika na fimbo zao. Walikuta sebule imetandazwa majani mabichi, ubani unafuka, Wubit kazama kwenye vitabu, na Worku, fundi vyuma mzima, kachuchumaa mbele ya jiko la makaa anakaanga kahawa huku macho yanatiririka kwa moshi.

"Mwanamume anakaanga kahawa!" Askale akajishika kichwa. "Uso wangu nitauficha wapi? Wubit! Njoo upokee wageni!"

"Haitwi, mama," Worku akasema. "Yuko kwenye kahawa. Hata kikombe cha kwanza bado."

Wazee wakatazamana.

"Tuliambiwa kuna ndoa ya kuvunja," mmoja akasema.

"Kuna kahawa ya kunywa, baba. Na vikombe ni vitatu, kwa hiyo kaeni."

Mzee akacheka, akavua kofia, akakaa. Wenzake wakamfuata.

Wubit akainua kichwa.

"Worku, kahawa inaungua."

Akasogea, akashika mkono wa mumewe ulioshika kikaango, wakakitikisa pamoja.

"Na ule msamaha," akamnong'oneza, "nimeshindwa kungoja mtihani."

Askale akashusha mikono kichwani. Kisha akaenda jikoni, akafunua unga, akayakung'uta yale makaratasi moja moja na kumwekea mkwewe juu ya vitabu vyake, halafu akarudi kumenya vitunguu mwenyewe.