Picha Safi, Goti Linakwama

Jua la kambi ya Kakuma lilikuwa bado halijawa kali. Eugénie alikaa kwenye cherehani yake ya miguu. Mtoto wake, Inès, alichezea vipande vya vitenge chini. Zamani Eugénie alishona hadi mchana bila kupumzika. Sasa alikanyaga kidogo, akasimama, akafumba macho.

Goti liliteguka siku alipovuka mto mkavu wa Tarach na furushi la vitambaa. Zahanati ikampa rufaa ya Lodwar, apigwe picha ya MRI. Hiyo ni mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Majibu yalisema hakuna mchaniko ulioonekana ndani ya goti.

Mumewe, Serge, alifurahi mno. Jumapili walicheza kwenda mbele na sadaka, kama Wakongo wenzao wafanyavyo. Eugénie akashika kipaza sauti. "Mashine haikuona kitu! Nimepona!"

Kanisa zima likapiga vigelegele.

Lakini goti halikusikia ushuhuda huo. Bado lilikwama akichuchumaa kumwogesha Inès. Hakumwambia mtu. Angesemaje sasa? Watu wangesema amemdanganya Mungu.

Siku moja akaja Apajok, jirani mrefu kutoka Sudan Kusini. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa.

"Ejok, Mama Inès!" akasalimu kwa Kiturkana. "Gauni langu je?"

"Ejok. Kesho."

"Kesho yako ni ndefu kuliko mimi!"

Walicheka. Inès akalia, Eugénie akainuka kumchukua. Goti likakwama. Akashika cherehani asianguke.

"Limekwama?"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani? Umekunja uso kama umetafuna pilipili."

"Nilishuhudia mbele ya kanisa, Apajok. Na picha ni safi."

Apajok akambeba Inès. "Dada, baada ya picha, daktari alilishika goti lako?"

"Hapana. Tulisoma majibu, tukarudi nyumbani."

"Hapo ndipo mlipokosea. Majibu hurudishwa kwa daktari."

"Kwa hiyo mashine ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Sumaku yake ni ndogo, lakini huona vizuri michaniko mingi ya goti. Ila mchaniko mdogo unaweza kuipita, hasa mguu ukitikisika. Wewe sindano ikianguka mchangani, ukaitafuta kwa taa ndogo usiione, utatembea hapo bila viatu?"

Eugénie akainamisha kichwa. "Mle ndani ya mashine nilitikisa mguu. Uliniuma. Niliogopa kusema, wasije wakanirudisha bila picha."

Serge alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Mama Inès! Unaumia, na mimi nashangilia?"

"Niliona aibu, Baba Inès."

"Aibu yako haitalikunjua goti. Twende Lodwar."

Huko Lodwar, Daktari Wanjugu alilikunja goti, akalizungusha taratibu.

"Eh! Hapo hapo!" Eugénie akalia.

"Pole, mama. Mkono wangu unasema kuna kitu. Turudie picha. Ukiumwa, sema kabla hatujaanza."

Safari hii waliuwekea mguu mito. Eugénie akatulia kabisa. Mchaniko mdogo ukaonekana kwenye kipande laini kinachokaa kati ya mifupa ya goti.

"Na kama usingeonekana?" Serge akauliza.

"Ningeendelea kutafuta. Ningempeleka hata kwenye sumaku kubwa zaidi, ingawa nayo hukosea mara nyingine. Picha inasema, mkono wangu unasema, na mgonjwa anasema. Nasikiliza wote."

"Atapasuliwa?"

"Si kila mchaniko hupasuliwa. Tuanze na mazoezi. Goti likikwama likakataa kunyooka, mlete upesi."

Eugénie alifanya mazoezi kila siku. Serge ndiye aliyemwogesha Inès. "Huyu mtoto anateleza kama samaki wa ziwani Kalokol!" alilalamika, amelowa mwili mzima. Polepole goti likaacha kukwama. Cherehani ikalia tena hadi mchana. Apajok akapata gauni lake.

Jumapili moja Eugénie akaenda mbele na sadaka yake. Alicheza taratibu, bila kuruka.

"Nilisema nimepona, kumbe nilificha maumivu," alisema. "Namshukuru Mungu kwa jirani na kwa daktari. Namshukuru pia kwa ulimi alionipa, nikasema: bado linauma."

Kisha mzee Onésphore, mpiga ngoma, akaweka vijiti vyake chini.

"Mama Inès," akauliza kwa sauti ya chini, "huyo daktari anatazama mabega pia?"