Lastiki Ndani ya Ufizi

Mama Fundi hakuwa mtu wa kutulia. Cherehani ikinyamaza, mguu wake uliendelea kupiga sakafu. Nguo ikipinda, aliinyoosha siku hiyohiyo.

Bintiye wa miaka kumi na miwili alikuwa haishi kuziba mdomo kwa kiganja. Mwanya ni pambo, lakini wake ulizidi, na shuleni walimwita Mlango Wazi. Fundi akaona hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Akakata uzi wa lastiki, akayafunga meno mawili ya mbele pamoja.

Siku ya tatu mwanya ulipungua. Fundi akajisifu weee. Siku ya kumi lastiki haikuonekana.

"Umeimeza," alisema.

"Sijaimeza, mama. Ufizi unauma."

Siku ileile jirani yao, muuguzi wa kliniki ya meno, alikuja kujaribu sare yake. Akamwona msichana anatafunia upande mmoja.

"Hebu fungua mdomo, mwanangu." Alitazama, akagusa kidogo. "Meno yanacheza haya. Dada, umemfanya nini mtoto?"

Fundi alieleza huku akichomeka na kuchomoa pini ileile.

"Lastiki haijapotea. Imepanda ndani ya ufizi. Ikifika kwenye mizizi, meno yatang'oka. Vaa viatu twende."

Huko kliniki, daktari aliitoa lastiki taratibu. Fundi alizunguka kile chumba mpaka akaombwa akae.

"Meno yatapona?"

"Siwezi kuahidi. Ufizi upone kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kuyapanga."

Ilikuwa miezi ya roho juu. Kila asubuhi fundi alitaka kuyatikisa aone kama yamekaza. Muuguzi akamkemea: "Kidole hicho kitulize."

Ufizi ulipopona, daktari alipiga picha ya mifupa. Kisha akabandika vibati vidogo kwenye meno na kupitisha waya.

"Yatauma siku tatu nne," alisema. "Ale vyakula laini. Apige mswaki kila akimaliza kula. Mje kila mwezi niurekebishe waya. Itachukua kama mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu? Mimi gauni la harusi namaliza kwa wiki."

"Gauni halina mizizi, mama. Ukiyaharakisha meno, unayaua."

Fundi akauliza: "Ningemleta lini?"

"Akiwa na miaka saba hivi, aangaliwe tu. Wengi hawahitaji kitu umri huo. Lakini meno yakibanana, yakichomoza sana, au ya juu na ya chini yasipokutana akiuma, usikae nayo nyumbani. Hata mtu mzima hajachelewa."

Siku waya ulipotolewa, daktari aliyagusa yale meno mawili. Yalikuwa imara. Akampa msichana kifaa cha kuvaa akilala, meno yasirudi yalikotoka. Msichana akajitazama kwenye kioo, akacheka mdomo wazi.

Machozi yakamtoka fundi. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa wakucheke, kumbe nusura nikung'oe meno."

"Yameisha, mama. Ila mdogo wangu ametimiza saba. Usimguse."

"Simgusi," alisema fundi. "Yuko hapo nje kwenye foleni ya daktari, anayefuata ni yeye."