Alimuuzia Ile Nyekundu

Jumamosi ile duka la pikipiki lilifurika, nusu wanunuzi, nusu watu waliokuja kupiga picha tu. Kinyozi aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki nyekundu ya mashindano, kubwa kuliko zote, akaipanda.

"Kaka, tua miguu chini," muuzaji akamwambia.

Alikuwa msichana wa sare ya bluu, kilemba kimemkaa barabara, na sheria yake ilikuwa moja: hauzi pikipiki mpaka mteja aikalie, nyayo zote mbili ziguse sakafu, kisha airudishe nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Kinyozi akasukuma. Pikipiki ikainama, naye akainama nayo, na kama dada wa watu hangeidaka, mh! Watu wakacheka.

"Umewahi kuendesha nini?"

"Baiskeli. Na ile ya mjomba, ya kubebea mizigo."

"Basi anza na hii ndogo, inamsamehe anayekosea. Halafu bwana, bei ya ile ni mahari tu. Matairi, bima na vipuri ndiyo ndoa yenyewe. Mfuko wako unaweza ndoa?"

"Ndoa na nani?"

Akachukua ile ndogo. Kesho yake akarudi kuuliza habari za matairi, keshokutwa za kofia ngumu, mwishowe akaja bila kisingizio chochote. Mapenzi ni kikohozi, duka zima likajua.

"Umelala, malkia wa breki?" alikuwa akimpigia usiku.

"Nimelala."

"Mbona unajibu?"

"Naota. Kata simu nikuote vizuri."

Shida ilianzia kinyozini. Wenzake wakamkalia kooni: eti pikipiki ya kitoto, tena kachaguliwa na mwanamke! Siku moja akaja nao dukani, akaigonga ile nyekundu kwenye tangi. "Nataka hii."

"Huiwezi," muuzaji akasema. Hofu ndiyo iliyomtoa neno hilo, lakini mbele ya wanaume wale lilisikika kama dharau. Kinyozi akageuka, akaenda zake.

Simu hakupokea tena. Muuzaji akajikaza kisabuni, wapi! Chakula hakipiti, wateja anawachanganyia bei. Akapiga na kupiga mpaka siku moja ikapokelewa.

"Ile nyekundu bado ipo," akasema haraka, kabla haijakatwa. "Njoo uichukue."

"Si ulisema siiwezi?"

"Njoo tu, mpenzi wangu."

Akaja. Safari hii muuzaji hakumwambia atue miguu. Aliona vidole tu ndivyo vinavyogusa chini, akageuza uso, akawa anafuta kioo kisicho na vumbi.

Haikupita wiki. Manyunyu, kona, gari la mbele likasimama ghafla, kinyozi akaibana breki kwa vidole vyote kama alivyozoea kwenye ile ndogo. Breki za mashindano hazibanwi hivyo.

Hospitalini, mama yake kinyozi aliushika mkono wa muuzaji kwa mikono yake miwili. "Mwanangu kaniambia yote. Ulimkataza, akakaidi. Mungu akulipe, mkwe wangu. Akitoka tu hapa, tunakuja kwenu."

Kinyozi alikuwa amelala pale, mkono wa kulia umefungwa plasta. Daktari alikwishasema vidole vile havitashika mashine ya kunyolea tena. Kinyozi akamkazia macho muuzaji: nyamaza. Alikuwa amemdanganya mama yake kwa ajili ya mpenzi wake, na mpenzi huyo angeweza kunyamaza akapata kila alichokitaka duniani. Roho ikamkatalia.

"Mama, alikuwa ameshaacha. Mimi ndiye niliyempigia simu aje. Nilijua haiwezi. Nikamuuzia, kwa sababu nilimtaka arudi."

Mama akauachia mkono. Akachukua jagi lililojaa maji, akatoka nalo kwenda kuteka mengine.

"Ungenyamaza tu," kinyozi akasema. "Ningekuoa."

"Najua."

"Umeniumiza, wewe."

"Najua, mpenzi." Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye sare, wala hakuyafuta.

Kinyozi akageukia ukutani. "Nenda kabla hajarudi. Na usinipigie tena, tafadhali. Ukinipigia nitakuja."